Waambie Unasoma Levelland

Kapsowar, Novemba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Mahindi tumeshavuna, na mama yako anayaanika uani huku akikimbizana na mvua hii iliyosahau msimu wake.

Jumapili ulipopiga simu nilikuwa nimeketi kando ya shangazi yako, nikasikia akikuuliza unasoma chuo gani. Ukajibu, "Texas," bila kumtajia South Plains College wala mji wa Levelland, halafu upesi ukamuuliza habari za ng'ombe. Nilikuelewa papo hapo. Mimi mwenyewe, miaka miwili niliyokaa huko, nilikuwa najibu hivyo hivyo. Na niliporudi nyumbani, siku moja nikiwa natafuta kazi, mtu aliyekuwa akikagua vyeti vyangu alisoma jina la chuo, akakisukuma cheti kwa kidole kimoja hadi ukingoni mwa meza. "Hiki ni cha miaka miwili tu," akasema. Sikumjibu. Nilikuwa na la kumjibu, mwanangu, na limenikaa kooni hadi leo. Acha nikuambie wewe.

Mwaka 1957 watu wa Kaunti ya Hockley, hiyo yenye Levelland, wakulima wa pamba na vibarua wa visima vya mafuta, walipiga kura kuanzisha chuo chao wenyewe, chuo cha umma kinachobebwa na kodi ya ardhi yao. Mwaka uliofuata South Plains College ikafungua milango. Chuo kikuu kilikuwako Lubbock, kilomita kama 50 tu kutoka hapo, lakini kwa mtoto wa mkulima asiye na gari wala pesa za bweni, hizo kilomita 50 ni safari ya kwenda ng'ambo. Basi wakakileta chuo shambani. Jambo hilo sisi tunalijua kwa jina lake: harambee. Unakumbuka nauli yako ilivyochangwa pale kanisani, hadi ajuza aliyekuja na kuku akampiga mnada? Wale wazee wa pamba walichanga kabla mimi sijazaliwa, na leo wewe unalala ndani ya mchango wao.

Kuhusu michezo, kuna kisa kimoja nilichokijua nikiwa nimeshachelewa. Katika miaka ya 1930, vyuo vya miaka miwili vya California viliomba kushiriki mashindano ya riadha ya vyuo vikuu. Vikakataliwa. Mwaka 1938 vikaunda shirikisho lao, hili NJCAA, la michezo ya vyuo vya miaka miwili, ambalo unalikimbilia sasa, na mashindano yake ya kwanza ya kitaifa, mwaka 1939, yalikuwa ya riadha. Kwa hiyo hata hizo mbio zako zilianza na watu waliosukumwa kando kwa kidole.

Sasa tazama waliopita hapo. Sheryl Swoopes ni binti wa Brownfield, mji mdogo jirani. Alikwenda kwanza chuo kikuu kikubwa kule Austin, nyumbani kukamwita, akarudi, akacheza mpira wa kikapu miaka miwili Levelland. Kutoka hapo akaenda Texas Tech, kile chuo kikuu cha Lubbock, na fainali ya taifa ya 1993 akafunga pointi 47 peke yake. Medali zake za dhahabu za Olimpiki ni tatu. Wavulana wa kikapu wa chuo hicho nao wamechukua ubingwa wa taifa wa NJCAA mwaka 2008, 2012 na 2018, na ule wa 2012 walimaliza msimu bila kupoteza mchezo hata mmoja.

Na Sally Kipyego je? Huyo sina haja ya kukusimulia, maana barabara alizokulia ndizo hizi ninazoziona nikiandika. Lakini watu hapa wanakumbuka medali yake ya fedha ya mbio za mita 10,000 kwenye mashindano ya dunia kule Daegu 2011, na ile ya Olimpiki ya London 2012, na wanasahau mlango alioingilia. Aliingilia hapo hapo ulipo. Alianza South Plains, ndipo akahamia Texas Tech, akashinda mataji tisa ya taifa ya vyuo vikuu, na bado akasomea uuguzi akamaliza. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi.

Najua ardhi ile ni tambarare mno kwako. Sisi tuliozaliwa kwenye miteremko hii tukifika pale tunahisi kama mtu ametupokonya kitu cha kushikilia. Mimi wiki za kwanza nilikuwa nikikimbia huku nikitafuta kilima kwa macho. Ziko tu zile pampu za mafuta zinazoinama na kuinuka kama kuku anywaye maji, na ule upepo. Upepo wa Machi wenye vumbi usishindane nao. Kwenda nao uso kwa uso, kurudi ukusukume mgongoni. Kocha wangu alinifundisha hivyo, na mapafu yangu hayakusahau. Hapo uko chini sana kuliko nyumbani, mita 1,070 hivi, kwa hiyo utajiona una nguvu kuliko siku zote. Usijidanganye ukaanza mbio kwa kasi ya mwisho.

Halafu jioni, ukichoka, pita karibu na madarasa ya muziki. Chuo hicho kimekuwa kikifundisha banjo na fidla tangu 1975, na Lee Ann Womack, mwimbaji wa muziki wa country, alisomea hapo. Nilikuwa nikisimama nje ya dirisha nikimkumbuka babu yako, redio begani, akiimba na Jim Reeves maneno ambayo hakujua maana yake hata moja. Lia kidogo ukitaka. Mimi nililia.

Msimu una mwisho, na wewe una miaka miwili tu ya kuvaa shati hilo. Shangazi yako atakuuliza tena, nimeshamwambia aulize. Mtajie chuo kwa jina lake lote.

Na jambo moja. Mashine za kuvuna zikishapita, pamba hubaki imenasa kwenye nyaya za ua kando ya barabara, nyeupe kama manyoya ya kondoo. Nimemsimulia mama yako miaka yote hii, na anasema naongeza chumvi. Okota kidogo, ukitie kwenye bahasha, umtumie.

Baba yako