Hoteli za mabasi zituambie mboga imeungwa na nini

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kidogo niongelee hii ishu ya chakula cha njiani kwa watu wenye aleji, mana naona tunaandika sana kuhusu spidi za mabasi na vyoo vya stendi, na ni sawa tuandike, lakini hili la chakula sijaona likiguswa na sisi wenye watoto wa hivi tunasafiri roho mkononi.

Mwanangu wa kiume ana aleji ya karanga. Sio kwamba hazipendi, na sio deko. Akila karanga au kitu kilichopikwa na karanga midomo inavimba, mabaka yanatoka mwili mzima, anakohoa, anatapika, na kwa vile ana pumu pia daktari alituambia wazi kwamba koo na kifua vikibana tunaweza kumpoteza ndani ya muda mfupi sana. Nyumbani tunajimudu kwa sababu jiko ni langu na najua kila kinachoingia kwenye sufuria. Shida ni safari. Tunaishi Dar na kwetu ni Shinyanga, yaani kukatiza nchi kabisa.

Wanaoijua hiyo barabara wanajua inavyokuwa. Basi linaingia hotelini, konda anatangaza dakika kumi na tano, chakula na kuchimba dawa, mnashuka wote kwa mpigo, foleni ndefu, dada wa kupakua ana wali, ugali, maharage, nyama, mchicha, na upawa ni ule ule unatoka kwenye mboga unaingia kwenye maharage unarudi kwenye mboga. Hoteli yenyewe hujaichagua wewe, basi ndo limesimama hapo, huwezi kusema ngoja nivuke barabara nikatafute mama ntilie mwingine utaachwa. Kwahiyo abiria mwenye aleji ana dakika chache za kuuliza swali la kufa na kupona huku nyuma yake watu wanasukuma wanasema mama songa.

Na mikoa tunayopita ndo mikoa ya karanga haswa. Ukitoka Gairo unaingia Kibaigwa, ile ni wilaya ya Kongwa, kule kule Waingereza walikoanzisha ule mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947 wakauacha 1951. Mradi ulikufa ila karanga zimebaki kwenye vyungu vya watu, kuanzia Dodoma, Singida, Tabora mpaka kwetu Usukumani, mchicha unaungwa na karanga, kisamvu, mlenda, majani ya maboga, hata michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) inaliwa na karanga. Ni chakula kizuri nimekulia hicho na sina ugomvi nacho hata kidogo. Ila ndo maana mpishi wa huku haoni kama karanga ni kitu cha kutaja, kwake ni kama chumvi.

Kuna hoteli moja, sitaitaja, nilimuuliza muhudumu hii mboga ina karanga? akanijibu haina mama, hajageuka hata kuangalia sufuria. Mama mmoja aliyekuwa anaosha vyombo pale nyuma ndo aliyesikia akapaza sauti, we acha, ya leo ina karanga. Mwanangu alikuwa ameshashika kijiko. Sidhani yule kijana alikuwa na nia mbaya, muhudumu kazi yake ni kukuridhisha na foleni iende, ukimuuliza "haina karanga eh" atakujibu haina mana anaona ndo unachotaka kusikia. Toka siku ile siulizi tena hivyo. Nauliza mboga hii imeungwa na nini, na namuuliza mpishi mwenyewe, sio wa kupakua. Mpishi ukimuuliza hivyo anakutajia vyote, nyanya, kitunguu, karanga kidogo, nazi, mafuta, anakutajia kwa fahari kabisa mana ni kazi ya mikono yake, na hapo unapata ukweli. Nawaomba wazazi wenzangu wajaribu swali hilo. Na msiseme mtoto "hatumii" karanga, watu wanadhani ni mwiko wa ukoo au mashauri ya dini, semeni akila anaweza kufa, hata kijiko kilichogusa karanga.

Vya kumpa njiani vipo ukijipanga. Chakula cha kubeba toka nyumbani ndo cha kwanza, halafu ndizi mbivu na machungwa ukimenya mwenyewe, yai la kuchemsha lenye ganda lake (sio lililopasuliwa likawekwa kachumbari na kijiko kinachozunguka kila mahali), mahindi ya kuchoma. Chipsi naziogopa mana huwezi jua mafuta yale yamekaangia nini kabla. Jirani yangu ambaye yeye aleji yake ni kamba na kaa akienda Unguja pale Forodhani hali chochote cha kukaanga kwa sababu hiyo hiyo, karai moja linapita kila kitu. Na mikono ioshwe kwa maji na sabuni, ile sanitaiza inaua vijidudu lakini karanga haiitoi mkononi. Abiria wa siti ya jirani akila karanga zake simfokei, hatari kubwa ni kula au kushika kitu chenye mabaki kisha mkono uende mdomoni, harufu peke yake sio ya kututia kiwewe, kwahiyo nafuta siti na kile kimeza basi. Kina mama wanaouza karanga dirishani waachwe watafute riziki yao.

Sasa kuhusu dawa naomba nisikilizwe vizuri, mana hapa watu wanapotea. Piritoni na setrizini zinapunguza muwasho na vipele, lakini hazifungui koo lililobana wala hazipandishi presha iliyoporomoka. Inayookoa ni adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, mapema, dalili kubwa zikianza tu, sio kusubiri mpaka mtu azimie. Mgonjwa alale miguu ikiwa juu, kama anapumua kwa shida akae miguu imenyooshwa, asisimamishwe wala kutembezwatembezwa, asipopata nafuu kati ya dakika 5 na 15 anachomwa ya pili, na hata akichangamka lazima afike hospitali kwa sababu inaweza kumrudia baada ya masaa. Ile adrenalini ya kalamu, yaani sindano iliyoshajazwa dawa yenye umbo la kalamu, ambayo hata mzazi anaweza kumchoma mtoto, sio kitu unachokuta kwenye kila duka la dawa, mimi naletewa na ndugu aliye nje, na haitakiwi kukaa kwenye joto la kupita nyuzi 30 wala kwenye friji, kwahiyo usiiweke kwenye begi la buti, kaa nayo mwilini. Lakini adrenalini ya kichupa ni dawa ya siku nyingi, imo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu, sioni kwanini zahanati zilizo karibu na vituo vikubwa vya mabasi zikose na wahudumu wake wasijue kuichoma bila kuogopa.

Watu huniambia hizo aleji ni mambo ya wazungu. Mwanangu sio mzungu. Ila kweli wenzetu wametutangulia kwenye sheria, nchi za Umoja wa Ulaya toka Desemba 2014 mgahawa unatakiwa uweze kumwambia mteja kama chakula kina kimojawapo cha vitu 14, karanga zimo, maziwa, mayai, samaki, ufuta, soya, ngano. Uingereza waliongeza sheria nyingine Oktoba 2021 baada ya binti wa miaka 15 kufariki mwaka 2016 kwa ufuta uliokuwa ndani ya mkate alionunua uwanja wa ndege, alikuwa safarini kama tunavyosafiri sisi. Na hapa hapa kwetu nenda hoteli za watalii Zanzibar au Arusha, mgeni anaulizwa kabla hajafika una aleji ya nini, na mpishi ni Mtanzania mwenzetu, anasikia na anapika pembeni kwa chombo safi. Kwahiyo tusiambiwe haiwezekani. Anachofanyiwa mtalii afanyiwe na mtoto anayekwenda Shinyanga kwa bibi yake.

Ninachoomba hakina gharama ya kumuumiza mtu. Ubao au karatasi ukutani pale pa kupakulia, mboga ya leo imeungwa na nini, wanaandika kwa chaki kila asubuhi. Upawa wake kila sufuria. Sufuria moja ya mboga isiyo na karanga. Makonda wakitangaza chakula waulize kama kuna mwenye aleji, wakipiga simu hotelini kabla hatujafika ndo bora zaidi mana namba za pale wanazo.

Maafisa afya wa halmashauri wanapita hizi hoteli, wanakagua vyoo, maji, wanadai wapishi wapimwe afya, na Shirika la Viwango (TBS) ndo wenye jukumu la usalama wa chakula toka 2019. Huko duniani Codex, ile tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, walishatoa mwongozo wa aleji kwa viwanda na migahawa mwaka 2020 na Tanzania ni mwanachama. Mhariri, waandishi wako wana uwezo wa kuwafikia hawa watu kuliko mimi. Naomba mtuulizie, kwenye fomu ya afisa afya anayekagua hoteli za mabasi kuna kipengele chochote cha aleji, na kama hakipo kinaongezwa lini?

Mama wa mtoto mwenye aleji ya karanga,
Dar es Salaam