Mafuta Yanayozama

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Mguu wa bibi yako umetulia, jana alitoka mwenyewe hadi barazani. Mama yako yuko uani na majirani wanachambua karafuu, nyumba nzima inanukia. Anakusalimu sana na anasema usitoke dakhalia ya skuli asubuhi bila ya kutia kitu tumboni.

Juzi kwenye simu ulisema, "Baba, sayansi haiko kwangu." Hukulisema kwa hasira. Ungelisema kwa hasira ningelala usingizi wangu, maana hasira hupita. Ulilisema taratibu, kama mtu aliyekwisha kukata shauri, na mimi usiku ule usingizi haukuja. Nimeona niandike, kwa sababu simu ina haraka zake na haya nataka uyasome zaidi ya mara moja.

Ile picha ya karatasi yako ya mtihani nilimpelekea khalati yako mwalimu. Tulikaa barazani baada ya laasiri, akanifasiria ile aya ya Kiingereza sentensi baada ya sentensi. Nilipojua inazungumzia nini nilishtuka. Kumbe ni makonyo! Kitu unachokijua tangu hujaanza kutembea. Aya inasema makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikichambuliwa, hutiwa ndani ya tangi, mvuke wa maji hupitishwa kutoka chini, mvuke ukipanda hubeba mafuta, kisha hupozwa ndani ya bomba mpaka ukageuka maji tena, na mchanganyiko huo huteremka kwenye chombo ambamo maji na mafuta hutengana. Halafu inakuja sentensi fupi: mafuta haya yana densiti kubwa kuliko ya maji. Swali likauliza, mafuta yatakusanyika wapi? Ukajibu: juu, kwa sababu mafuta huelea.

Mwanangu, jibu lile halikuandikwa na mtu asiye na akili ya sayansi. Limeandikwa na mtu aliyekaa jikoni kwa mama yake akatazama mafuta ya nazi yakipanda juu ya mchuzi, akashika kanuni kutokana na alichokiona. Hivyo ndivyo sayansi inavyoanza. Ila siku ile ulisoma sentensi tatu za mwanzo, ukaona neno "mafuta", ukafunga masikio. Aliyeandika aliendelea kusema, wewe ukawa tayari unajijibu kwa yale uliyokwenda nayo kutoka nyumbani. Na lile alilotaka kukwambia lilikuwa katika hiyo sentensi fupi uliyoiruka.

Densiti ni gramu ngapi zimo katika ujazo fulani. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu 1. Ya mafuta ya nazi ina kama gramu 0.92, ndiyo maana hupanda. Ya mafuta ya karafuu ina kati ya gramu 1.04 na 1.07, kwa hiyo huzama. Yote mawili tunayaita mafuta, lakini kuelea hakutokani na jina, kunatokana na hiyo densiti. Jina moja limebeba vitu viwili vyenye tabia mbili, na msomaji akishika jina tu, atakosea kila mara jina litakapokutana na kitu kipya.

Nataka nikae kidogo kwenye swali la pili, lile uliloliacha tupu. Waliuliza kwa nini hutumika mvuke badala ya kuyachemsha mafuta yenyewe. Khalati yako alinionyesha kwa kidole neno lililobeba jibu zima, neno dogo ambalo kwa Kiswahili ni "ijapokuwa". Sentensi ilikuwa hivi: ijapokuwa eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ikiwa peke yake huchemka karibu na nyuzi 254 za Selsiasi, ikiwa pamoja na mvuke wa maji hutoka kabla ya kufika nyuzi 100. Basi hapo pana kila kitu. Ukitaka kuyachemsha peke yake utahitaji moto mkali mno, na moto mkali huyaharibu. Ukiyapitishia mvuke, maji na mafuta husaidiana kuusukuma uzito wa hewa ulio juu yao, kila kimoja kinatoa sehemu yake, na vyote viwili huondoka pamoja kwa joto dogo. Nilipokuwa kijana niliwahi kupeleka makonyo kiwandani Wawi, nikasimama nikavuta ile harufu, nikaona makonyo yanaingia na mafuta yanatoka. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mvuke. Nimelijua jibu mwaka huu, barazani, kwa sababu ya "ijapokuwa".

Khalati yako anasema wanafunzi wake hupigia mstari maneno makubwa, yale magumu kuyatamka, na maneno madogo wanayaruka. Ijapokuwa, isipokuwa, hadi, kwa hiyo, endapo, kila baada ya. Anasema haya ndiyo yanayokwambia kipi kimefanya nini kwa kipi, na neno gumu unaweza kulitafuta kwenye kamusi dakika yoyote.

Nami nina sababu yangu ya kumwamini. Hili sijawahi kukuhadithia. Ulipokuwa na miaka minne ulishikwa na kifua, ukaandikiwa vidonge. Kwenye pakiti paliandikwa kwa kalamu: kidonge kimoja kila baada ya saa 8. Mama yako alikuwa Unguja kwenye msiba, nilikuwa nawe peke yangu. Nikasoma "saa 8". Mchana wa saa nane nikakupa kidonge, kesho yake saa nane mchana nikakupa kingine. Siku ya tatu joto la mwili halijashuka, bibi yako akaichukua ile pakiti, akamwita kijana wa jirani aisome kwa sauti. "Kila baada ya." Maneno matatu. Ulitakiwa umeze vidonge vitatu kwa siku, mimi nimekupa kimoja. Dawa ile mwili hauiweki. Figo huichuja na kuitoa kwa mkojo ndani ya muda mfupi, na kiasi kikishuka kwenye damu vile vijidudu vilivyobaki hupata nafasi ya kuzaliana upya. Ndiyo maana wakapanga saa 8 baina ya kidonge na kidonge, usiku na mchana. Nilikuwa najua kusoma, mwanangu. Kila herufi niliiona. Tokea siku hiyo sijasoma karatasi ya dawa bila ya kuisema kwa maneno yangu mwenyewe kwanza: nitampa sasa, nitampa tena alfajiri, nitampa tena mchana.

Kile kitabu chako cha mwaka jana ulichokiacha kabatini nimekitoa. Nakisoma usiku na kamusi, pole pole, ukurasa mmoja mara nyingine unachukua siku mbili. Nimeanza na pale panapoeleza maji kujaa na kupwa, maana nilitaka kuona kama wameandika ninayoyajua. Kwamba bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katikati yake ni maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, hilo hata mtoto wa Kojani, kisiwa cha wavuvi, anakufundisha. Kwamba leo maji yakijaa saa nne, kesho yatajaa karibu saa tano kasoro dakika kumi, hilo pia tunalo. Lakini kitabu kilisema maji hujaa mara mbili kwa siku kwa sababu ya mvuto wa mwezi, nami nikakwama. Mwezi ni mmoja. Ukivuta maji upande wake, yajae mara moja. Hiyo ya pili inatoka wapi?

Nilisoma aya ile mara nne bila ya kuielewa. Mara ya tano nikachukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza nyuma, nikachora kila sentensi. Duara la dunia. Mwezi pembeni. Sentensi inasema mvuto wa mwezi hupungua kadiri unavyokwenda mbali, nikachora mishale mitatu: mrefu kwa maji yaliyo upande wa mwezi, wa kadiri katikati ya dunia, mfupi kwa maji ya upande wa nyuma. Hapo nikaona. Maji ya mbele yanavutwa zaidi kuliko dunia, yanavimba. Dunia nayo inavutwa zaidi kuliko maji ya nyuma, kwa hiyo maji ya nyuma yanabaki nyuma, nayo yanavimba. Vimbe mbili, na dunia inajizungusha ndani yake, kwa hiyo Pemba inapita kwenye zote mbili. Na zile dakika hamsini za kila siku zinatokana na kwamba mwezi nao hausimami. Dunia ikimaliza mzunguko wake wa saa 24 inaukuta mwezi umesogea mbele, inabidi iufuate kidogo. Nimevua miaka mingapi kwa kuzihesabu dakika hizo! Nilimwamsha mama yako nikamwonyesha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Aya ile haina picha yoyote kitabuni. Maneno matupu. Nadhani ndiyo maana aya kama hizi huwa zinawashinda: mnazisoma kama mnavyosoma hadithi, mstari ukipita umepita. Hizi hazikubali kusomwa hivyo. Ukifika kwenye sentensi usiyoweza kuichora, hapo ndipo ulipoacha kuelewa, simama hapo hapo wala usiendelee ukitumai itafunguka mbele.

Jambo jingine dogo, usije ukaingia mtego wake. Fizikia imeazima maneno ya kawaida na kuyapa maana yake. Kuli pale bandarini akisimama na gunia kichwani nusu saa, sisi tutasema amefanya kazi ngumu. Kitabu chako kitasema hakufanya kazi yoyote juu ya lile gunia, kwani kazi ni kani, yaani msukumo au mvuto, ikikisogeza kitu kuelekea upande wake, na gunia halikusogea. Alipolinyanyua, hapo ndipo alipofanya: gunia la kilo 50 kulipandisha mita moja na nusu ni karibu jouli 750, na jouli ndicho kipimo cha kazi. Usibishane na kitabu katika hilo. Andika pembeni kwamba neno hili hapa lina maana hii, uendelee.

Najua na lugha inakuelemea. Ukiwa mdogo hapa nyumbani ulieleza kwa Kiswahili safi kwa nini karafuu mbichi kilo tatu zikianikwa hubaki takriban kilo moja, na kwamba maji yametoka yakaingia hewani bila ya kuchemka. Ulikuwa na miaka tisa, umeketi kwenye jamvi. Leo jambo hilo hilo likiandikwa kwa Kiingereza unaliona geni. Kwa hiyo nakuomba ufanye hivi. Kila Ijumaa jioni chagua aya moja, yoyote, uisome kwa Kiingereza mpaka uridhike, kisha upige simu umhadithie bibi yako. Usitumie neno la Kiingereza hata moja, kwani hatakuelewa, wala usimwambie "ndivyo kitabu kilivyosema", kwani atakuuliza kwa nini. Unamjua bibi yako. Hakubali mpaka ameelewa. Akikushika mahali ukakosa la kusema, rudi kwenye aya, sehemu hiyo hujaisoma bado. Nimekwisha mwambia, anasubiri, na ameniuliza mara mbili Ijumaa ni lini.

Kwenye mzigo utakaokuja na boti Jumatatu nimetia chupa ndogo ya mafuta ya makonyo, nimeifunga ndani ya kanga ya mama yako. Usiionje, na usijipake machoni wala kwenye kidonda, ni makali mno. Tafuta gilasi mbili. Moja utie maji ya mfereji, nyingine maji ya bahari. Maji ya bahari sentimita yake moja ya ujazo ina kama gramu 1.025. Kabla hujamimina chochote, chukua karatasi uandike mafuta yatakwenda wapi katika kila gilasi na kwa nini. Ukidondosha tone dogo kwa utaratibu laweza kukaa juu, kwa sababu uso wa maji una kama ngozi inayoweza kulibeba tone jepesi. Usidanganyike. Liguse kwa ncha ya kijiti, utazame linakokwenda, halafu uisome tena ile aya ya mtihani tangu mwanzo.

Ile karatasi uliyoandika kabla ya kumimina nitumie mimi, hata kama umekosea.

Baba yako