Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, assalaam aleikum.

Mwaka huu tumekutana mara 4, tumevuka kwenda Kilwa Kisiwani mara 2, na wanafunzi tumewatembeza magofuni kama kawaida. Hayo mnayajua.

Kilicholeta maneno ni kijitabu chetu kuhusu magofu ya Kilwa. Ni kweli nilizuia kisichapwe kikiwa tayari kiwandani, na chama kikapoteza malipo ya awali, shilingi 350,000. Lakini ukurasa wa 3 ulisema Husuni Kubwa, lile jengo kubwa la kale pale kisiwani, ni ngome ya Wareno! Wareno walifika Kilwa mwaka 1500. Msafiri Ibn Battuta alifika 1331 akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, na jina la sultani huyo limesomwa kwenye jiwe lililofukuliwa humo humo Husuni. Wareno walijenga ngome yao kule chini ufukweni, na hata ngome hiyo iitwayo Gereza tunayoiona leo, sehemu kubwa ni kazi ya Waomani. Husuni ipo juu ya jabali, vyumba zaidi ya 100, birika la pembe nane, maghala ya bidhaa, yote kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ni kasri la mtawala aliyetajirika kwa dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo. Tuwape wajukuu kitabu kinachowanyang'anya jengo la wazee wao?

Nimelaumiwa kwamba sikuitisha kamati. Jioni ile niliwapigia wajumbe wote 7, wakapokea 2. Kesho yake nikapanda basi kwenda kiwandani kukizuia, kwa nauli yangu, ambayo sijaidai hadi leo. Likitokea tena, nitafanya vilevile.

Wanachama tuko 58. Waliolipa ada ni 19. Mkutano wa Agosti walikuja 11, mimi na katibu tukiwemo, na waliopiga kelele zaidi kuhusu kijitabu hawamo kwenye hao 19. Inaniuma sana. Tangu magofu yatolewe mwaka 2014 kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini, wengine wanaona kazi imekwisha, wakati mvua na mawimbi havijapumzika.

Mwakani, Mungu akipenda, kijitabu kitatoka kikiwa kimesahihishwa, na tutaangalia uwezekano wa kupata boti. Ada ni ileile, shilingi 12,000. Mweka hazina anapokea hata kwa simu.

Mwenyekiti