Kabla hujanunua stata

Salim ndugu yangu,

Pole sana kwa mashine ya boti. Unasema ukizungusha ufunguo inagonga "ka!" mara moja kisha kimya, na fundi amekwambia stata, ile mota ndogo ya kuamshia mashine, imekufa. Tafadhali, pesa yako usiitoe kwanza. Mlio ule mmoja maana yake umeme mdogo wa kuamsha solenoidi, yaani swichi inayopitisha umeme mkubwa kwenda kwenye stata, umefika: swichi ya ufunguo ni nzima, gia iko frii (haijaingia), fyuzi haijaungua. Kinachokosekana ni umeme mkubwa wa kuzungusha stata, na huo hupotea njiani hata stata ikiwa mpya. Ingekuwa kimya kabisa, ningekutuma kwenye fyuzi na swichi ya frii, ile inayozuia stata gia ikiwa imeingia. Ingegonga ka-ka-ka mfululizo, ningeshuku betri kwanza.

Tafuta mita ya kupimia volti, hata ile ndogo ya bei rahisi. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.6, ukiona 12.2 imebaki nusu, ichaji kwanza. Lakini kipimo cha betri iliyotulia hakitoshi, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mwambie mtu azungushe ufunguo huku wewe umebana ncha za mita juu ya vichwa vyenyewe vya betri, si juu ya vibano vya waya. Ikianguka chini ya 9.6 hivi, ama betri ni dhaifu ama stata imekwama na inavuta umeme kupita kiasi. Ikibaki 12 na ushee wakati stata haizunguki, betri haina kosa: umeme hauna njia.

Sasa ifuate njia. Ncha moja kwenye kichwa cha chanya, nyingine kwenye nati ya stata, ufunguo uzungushwe. Stata ikiwa inavuta, usipoteze zaidi ya nusu volti. Kisha upande wa hasi: kichwa cha betri hadi chuma kitupu cha mashine. Huu upande husahauliwa sana, nami huwa naushuku wa kwanza. Ukikuta volti nyingi zimepotea, sogeza ncha kiungo kwa kiungo, kibano, swichi kuu ya betri, solenoidi. Pale namba inaporuka, ndipo penye ugonjwa. Nati mbili nene za solenoidi zikisoma 12 baina yao wakati imeshagonga, sahani ya ndani imeungua. Badilisha solenoidi, stata iache.

Usidanganywe na kibano kinachong'aa kwa nje. Kifungue uone ngozi nyeusi iliyokaa kati yake na risasi ya betri. Piga msasa mpaka ing'ae pande zote mbili. Minya pia waya karibu na ncha yake. Ukisikia mkwaruzo ndani ya mpira, chumvi imeshaingia: chana kidogo utaona shaba imegeuka unga wa kijani. Waya huo hausafishiki. Ukate mpaka shaba safi, au uweke mpya wenye shaba iliyopakwa bati. Grisi paka baada ya kukaza.

Nakuomba sana, usije ukaunganisha nati za solenoidi kwa bisibisi ili kujaribu. Cheche karibu na mvuke wa petroli ni moto, na ukifanya hivyo umeruka swichi ya frii. Gia ikiwa imeingia, boti itaondoka na mtu akiwa karibu na panga la mashine (propela). Fungua kifuniko hewa ipite, na ukitaka kufungua waya anza na hasi, ukirudisha iwe ya mwisho. Usizungushe stata zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja, iache ipoe.

Ikiwa volti 10 na zaidi zinafika kwenye nati ya stata, hasi ni safi, na bado haizunguki, toa plagi za cheche, ufunguo ukiwa umezimwa, ujaribu kuzungusha gurudumu la juu kwa mkono. Likizunguka vizuri, fundi amesema kweli na stata ifunguliwe. Likikataa, shida si ya umeme tena.

Niandikie namba ulizosoma, zote, hata zile unazoona hazina maana. Wasalimie nyumbani.

Wako,
Hamisi