Chenji si hisani ya keshia

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Biashara,

Nakuandikia kuhusu maneno manne ya kwenye kaunta ya kulipia: "Chenji sina, nikupe pipi?" Yana alama ya kuuliza, lakini si swali. Foleni inakohoa nyuma yako, keshia ameshazishika pipi mkononi, na ukikataa unaonekana wewe ndiye bahili. Kesho yake jaribu kumlipa kwa pipi zilezile uone kama atazipokea.

Sisemi uhaba wa sarafu ni hadithi. Zimbabwe ilipohamia kwenye fedha za kigeni mwaka 2009, noti za dola zilikuwepo ila sarafu zikawa adimu. Watu wakarudishiwa peremende, kalamu, hata vikaratasi vya kudai chenji siku nyingine, na ni mwishoni mwa 2014 ndipo benki kuu ilipotoa sarafu za nchi hiyo yenyewe. Marekani nako, mwaka 2020, sarafu zililala kwenye makopo majumbani kwa sababu watu hawakutoka, na benki kuu ikalazimika kuzigawa kwa mgao. Kwa hiyo keshia akisema hana, huenda kweli hana. Sigombani naye. Ninachouliza ni kwa nini hasara ya uhaba huo inamwangukia mnunuzi kila mara, na kamwe haimwangukii mwenye duka.

Kanada ilipoacha kusambaza sarafu ya senti moja, Februari 2013, serikali ilielekeza hivi: jumla ya risiti, wala si bei ya kila bidhaa, isogezwe hadi kwenye senti tano zilizo karibu, juu au chini. Hiyo ni kwa anayelipa taslimu tu. Wa kadi analipa jumla kamili. Naomba uyatazame vizuri maneno "juu au chini". Duka likiachiwa lijiamulie, chini hulisahau.

Basi unasema, yaishe, nitoe kadi. Hapo ndipo unakutana na ada ya kulipa kwa kadi, ambayo haikuandikwa kwenye rafu wala mlangoni. Wenye maduka watakwambia benki nazo zinawakata, na ni kweli zinawakata. Lakini umeme nao wanaulipia, na sijawahi kuona mstari wa taa kwenye risiti. Uingereza ilipiga marufuku ada hizo kwa wateja wa kawaida Januari 2018. Halafu kuna mfuko uliotozwa bila kuuomba, na ule "mchango" unaoongezwa kwenye jumla kabla hujaulizwa. (Wa kuchangia wapo, nami nimo. Ila niulizwe kwanza.)

Ninachoomba ni kanuni yenye adhabu: bei ya rafuni iwe ndiyo bei ya kaunta, pamoja na kila ada isiyokwepeka. Sarafu zikikosekana, jumla isogezwe kwa utaratibu uliobandikwa ukutani, na chenji isiyopatikana imfaidi mnunuzi. Bidhaa isihesabiwe kuwa chenji mpaka mteja mwenyewe aitake.

Na kabla hujasaini chochote, mtume ofisa wako mmoja, bila kitambulisho, akanunue kitu kidogo kwa noti kubwa. Akiulizwa "nikupe pipi?", ajibu hapana, asimame palepale, kisha akuletee taarifa ya kilichofuata.

Wako,
Mnunuzi wa kila siku