Antenen hakuhama mji wake

Mhariri,

Katika kurasa zenu za michezo mwandishi wenu mmoja alidai hivi karibuni kwamba kijana wa Kanda ya Ziwa mwenye kipaji cha mpira hana budi kuondoka mapema kwenda Dar es Salaam, kwa sababu anayebaki katika klabu ya mkoani anajizika akiwa hai na hawezi kuonekana na timu ya taifa, sembuse kufika Kombe la Dunia. Nimefundisha vijana mpira hapa Mwanza kwa miaka mingi, na ninajua kwamba kauli ya namna hiyo haiishii gazetini. Wazazi huikata na kuitunza, mawakala huirudia mbele ya wazazi hao, na mtoto wa miaka 16 huamini kwamba kubaki kwao ni kushindwa. Naomba nafasi ya kuipinga kwa kueleza maisha ya mchezaji mmoja wa Uswisi, ambaye wasomaji wengi huenda hawajapata kumsikia.

Jina lake ni Charles Antenen, na watu wa kwao walimwita Kiki. Alizaliwa tarehe 3 Novemba 1929 katika La Chaux-de-Fonds, mji ulioko kwenye milima ya Jura karibu na mpaka wa Ufaransa, akachezea klabu ya mji huo huo kuanzia ujana wake katikati ya miaka ya 1940 hadi alipotundika daluga katikati ya miaka ya 1960, na hakuwahi kuihama. Akiwa huko huko alivaa jezi ya taifa mara 56, akafunga mabao 22, na akacheza fainali tatu za Kombe la Dunia: Brazil mwaka 1950, nyumbani Uswisi mwaka 1954, na Chile mwaka 1962.

Inafaa msomaji aujue mji wenyewe, maana hoja yangu imesimama hapo. La Chaux-de-Fonds uko juu, kama mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kimo kisichopishana sana na hiki chetu cha ufukwe wa Ziwa Victoria, ila wao theluji huwafunika kwa miezi. Uliteketea kwa moto mwaka 1794, na ulipojengwa upya mitaa yake ilinyooshwa sambamba ili mwanga wa jua uingie vizuri madirishani, kwa sababu nyuma ya madirisha hayo walikaa mafundi wa saa, wakiunganisha vipande ambavyo jicho la kawaida huviona kwa taabu. Kazi hiyo ndiyo iliyoulisha mji, na ndiyo iliyoufanya uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2009. Hata leo hauna watu 40,000. Wilaya ya Nyamagana peke yake inauzidi mara nyingi. Kombe la Dunia lilipochezwa Uswisi mwaka 1954, mechi zilipelekwa Basel, Bern, Geneva, Lausanne, Lugano na Zürich, na mji wa Antenen haukupewa hata moja.

Hata hivyo, mwaka huo huo wa 1954 bingwa wa Uswisi alitoka La Chaux-de-Fonds, na mwaka uliofuata akawa yule yule, na misimu yote miwili klabu hiyo ilibeba na Kombe la Uswisi pia. Kombe hilo ilikuwa imelitwaa mara ya kwanza mwaka 1948, Antenen akiwa na umri wa miaka 18, katika fainali iliyohitaji mechi tatu dhidi ya Grenchen kabla ya mshindi kupatikana. Ikalitwaa tena mwaka 1951, kisha 1957 na 1961. Ubingwa wa tatu wa ligi ulikuja mwaka 1964, naye alikuwa na miaka 34.

Haya hayakutokea kwa bahati. Mara baada ya Vita Kuu ya Pili klabu ilimchukua Jiří Sobotka, raia wa Czechoslovakia aliyecheza fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1934, na ambaye katika mashindano hayo hayo alifunga bao katika mechi ya robo fainali iliyoitoa Uswisi. Walimpa timu na wakamwacha nayo kwa zaidi ya miaka kumi. Naomba wasomaji wanaofuatilia mpira wa hapa kwetu waupime muda huo, kwa sababu klabu zetu nyingi humfukuza kocha kabla mzunguko wa kwanza haujaisha, kisha zinashangaa kwa nini wachezaji hawaelewani. Pembeni mwa Antenen alikuwapo pia Willy Kernen, wa umri wake na wa klabu yake, na wote wawili walianza katika kikosi cha taifa cha mwaka 1954. Winga anayejua kwamba mtu wa nyuma yake atakuwa yule yule msimu ujao, na kocha ni yule yule, hucheza kwa namna nyingine kabisa. Hujua pasi itatoka wapi kabla haijapigwa.

Sasa niingie kwenye mechi zenyewe. Tarehe 2 Julai 1950, mjini Porto Alegre, Uswisi ilikutana na Mexico. Timu zote mbili zilikuja na jezi nyekundu, na wa Mexico, kwa uungwana ambao sijui kama tungeuona leo, wakavaa jezi za milia za Cruzeiro, klabu ya mji huo, ili wageni wenzao wabaki na rangi yao. Uswisi ilishinda 2-1. Bao la pili, lililopatikana muda mfupi kabla ya mapumziko, lilikuwa la Antenen, kijana wa miaka 20 kutoka mji wa mafundi saa.

Miaka minne baadaye alikuwa katika kikosi cha Uswisi kilichoifunga Italia mara mbili katika mashindano yale yale, 2-1 mjini Lausanne na 4-1 mjini Basel katika mechi ya ziada ya kuamua nani asonge mbele. Siku tatu baada ya hapo, tarehe 26 Juni 1954, akasimama winga ya kulia dhidi ya Austria katika robo fainali ambayo mpaka sasa inashikilia rekodi ya mabao mengi kuliko mechi yoyote ya fainali za Kombe la Dunia: mabao 12. Joto la Lausanne siku hiyo lilikuwa kali mno kwa watu wa Ulaya. Uswisi ilipata mabao matatu katika dakika 20 za mwanzo. Kipa wa Austria, Kurt Schmied, alipigwa na jua mpaka akawa kama haoni mpira, na kwa kuwa wakati ule sheria haikuruhusu kubadilisha mchezaji, ilimbidi asimame golini hivyo hivyo hadi mwisho. Hata hivyo Austria walirudisha yote matatu kwa dakika chache tu, wakaenda mapumziko wakiongoza 5-4, na wakamaliza 7-5. Antenen hakufunga hata bao moja katika mashindano hayo. Mabao ya siku ile yalikuwa matatu ya Josef Hügi na mawili ya Robert Ballaman. Lakini mabao matano dhidi ya Austria ya wakati ule, timu iliyomaliza mashindano ikiwa ya tatu duniani, hayapatikani bila mtu wa pembeni anayewafungua mabeki, na mimi kama mwalimu wa mpira namhesabia sehemu yake.

Bao lake ninalolithamini kuliko yote lilifungwa mjini Berlin tarehe 12 Novemba 1961. Uswisi na Sweden walikuwa wamelingana kwenye kundi la kufuzu, kila mmoja akiwa amemfunga mwenzake nyumbani kwake, kwa hiyo wakapelekwa kwenye uwanja usio wa yeyote kati yao. Sweden walikuwa wamecheza fainali ya Kombe la Dunia miaka mitatu tu nyuma, na walitangulia kufunga. Heinz Schneiter akasawazisha. Kisha Antenen, aliyekuwa ametimiza miaka 32 siku chache kabla, akafunga la pili, na bao hilo likaipeleka Uswisi Chile. Huko walipoteza mechi zote tatu, na sitalificha hilo. Ila mwenzetu anayedai kwamba klabu ya mkoani humfuta mtu machoni mwa timu ya taifa atueleze ilikuwaje nchi nzima, miaka 13 baada ya kumwita kwa mara ya kwanza, bado ilimtegemea winga wa mji wa pembeni kwa bao la namna hiyo.

Najua jibu litakalokuja, na lina uzito. Litasema kwamba soka la Uswisi wakati ule halikuwa la kulipwa kikamilifu, hivyo pengo la mapato kati ya klabu kubwa na ndogo halikuwa kama la leo. Ni kweli. Sidai kwamba kuondoka ni kosa. Katika safu ile ile ya mbele ya mwaka 1954, Jacques Fatton alikwenda Lyon mwaka huo huo na Roger Vonlanthen akaenda Inter ya Milan mwaka uliofuata, na wote wanaheshimiwa. Mbwana Samatta naye aliondoka nchini, akapitia TP Mazembe na Genk, na sote tulijivunia. Ninachokataa ni kuwafundisha watoto kwamba njia ni hiyo moja, na kwamba klabu ya nyumbani ni stendi ya kusubiria basi.

Yupo kijana mmoja wa Igoma, mguu wa kushoto, niliyemwona akikua kwenye nyasi bandia za Nyamagana. Alikuwa na tabia ya kuinua kichwa kabla ya kupiga krosi, jambo ambalo wachezaji wengi wa umri wake hulipuuza. Akasajiliwa na klabu moja kubwa kabla hajacheza msimu mzima mahali popote. Akakaa benchi, akapelekwa kwa mkopo huku na kule, kila mahali akikuta kocha mpya anayemtaka acheze vingine, na alipotukuta tena huku alikuwa anapiga krosi bila kutazama. Hakuumia. Alikosa tu mechi, na akakosa watu wa kucheza nao kwa muda mrefu. Hasara hiyo haionekani kwenye habari za usajili, na ndiyo inayoniuma ninaposoma makala za kusifia kuondoka mapema.

Nikiri pia kwamba ukubwa wa mpira una desturi ya kuwapita watu wa mikoani hata wanaposhinda. Kombe la Ulaya la Mabingwa lilipoanzishwa mwaka 1955, klabu za kwanza ziliitwa kwa mwaliko, si kwa ubingwa. Bingwa wa Uswisi alikuwa La Chaux-de-Fonds, lakini aliyealikwa alikuwa Servette ya Geneva, mji mkubwa na maarufu, ambayo ilikutana na Real Madrid na kutolewa mapema. Mji wa Antenen ulisubiri hadi msimu wa 1964/65, baada ya ubingwa wake wa tatu, ndipo ukacheza mashindano hayo, ukaitoa St Patrick's Athletic ya Ireland, kisha ukatoka sare ya 1-1 nyumbani na Benfica ya Eusébio, mtoto wa Msumbiji, kabla ya kufungwa 5-0 Lisbon. Baadaye klabu ilishuka, na mwaka 2009 ilifilisika ikalazimika kuanza upya katika madaraja ya chini. Kwa hiyo simpambi mtu. Klabu ya mkoani ina maisha magumu Uswisi kama ilivyo nayo hapa, na klabu yetu ya Pamba ya hapa Mwanza, iliyosubiri zaidi ya miaka 20 kabla ya kurudi Ligi Kuu mwaka 2024, inalijua hilo bila kufundishwa na Mzungu.

Antenen alifariki mwaka 2000. Sababu ya sisi, tulio mbali hivi, kuweza kuyapata haya yote ni kwamba watu waliandika: nani alicheza, upande gani, dakika ya ngapi, mbele ya nani. Ndiyo maana ombi langu kwenu, Mhariri, ni la vitendo. Hapa Mwanza wapo wazee walioichezea Pamba na Toto Africans kwa miaka mingi bila kuhama, na baadhi yao utawakuta asubuhi kwenye vijiwe vya kahawa vya Kirumba, si mbali na uwanja, wakibishana nani alimpa nani pasi katika mechi ambayo haikuandikwa popote. Mpeni mwandishi wenu daftari na nauli akae nao, aandike majina, namba za jezi na misimu, na mwandike habari hizo kwenye ukurasa ule ule mlioutumia kumwambia mtoto wa Igoma kwamba akibaki kwao amejizika. Kama atahitaji mtu wa kumtambulisha kwa wazee hao, niko tayari kufuatana naye.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Kirumba, Mwanza