YAH: Kufunga Muhula wa Kwanza, Vipepeo, Utoro na Ada

Ndugu mzazi/mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Muhula tunaufunga Ijumaa hii. Mitihani imekwisha, tanki la maji limezibwa, na ripoti amepewa kila mwanafunzi ambaye ada yake imekamilika (nitarudi hapo). Kidato cha Nne wamepanda kidogo kwenye Hisabati. Kidogo.

Sasa vipepeo.

Mwezi wa pili mwalimu wetu wa Baiolojia alipoomba kuwatoa watoto uwanjani robo saa kila siku baada ya chai ili wahesabu vipepeo, nami nilicheka kama mlivyocheka wengi wenu. Nilimkubalia kwa sababu hakuomba hela. Masharti yake yalikuwa machache: simama kati ya goli la juu na mti wa kengele, usihame. Kila kipepeo anayekata mstari huo mwandike: rangi yake, anakotoka, anakoelekea, hali ya jua na upepo. Asipopita hata mmoja, andika sifuri.

Wiki tatu tuliandika sifuri, mbili, sifuri, nne. Kisha, katikati ya mwezi wa tatu, mvua ikakatika na jua likatoka, wakaja. Wengi walikuwa weupe wenye mishipa ya kahawia, ambao wataalamu huwaita Belenois aurota, na katikati yao walikuwamo wa rangi ya malai, Catopsilia florella, ambao viwavi wao tuliwakuta wakitafuna vile vichaka jamii ya mjohoro nyuma ya jiko. Siku ya pili zamu ya asubuhi ilihesabu 214 kwa robo saa, na tisa tu ndio waliokwenda kinyume na wenzao. Wote waliobaki walitoka upande wa Mwanjelwa kuelekea Uyole, yaani magharibi kwenda mashariki.

Niliacha kikao cha walimu nikatoka kuangalia. Kipepeo wa kawaida huzurura, ua hili, ua lile, kama mtoto aliyetumwa dukani. Anayehama hunyooka. Akikuta darasa mbele yake halizunguki, analipanda, anapita juu ya bati, anashuka upande wa pili na kushika njia ileile. Nimefundisha hapa miaka mingi, na naamini wamekuwa wakinipitia kichwani kila mwaka.

Watoto wakaanza kuuliza maswali, na mwalimu akawapa majibu ambayo nami nilikwenda kuyasikiliza kwenye benchi la nyuma. Kumbe hata hapa kwetu kazi hii si ngeni: Mwingereza C. B. Williams, aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara mwishoni mwa miaka ya 1920, alikuwa akikusanya taarifa za vipepeo wanaohama. Kumbe yupo kipepeo, Vanessa cardui, ambaye hapa Afrika ni wa kawaida, na vizazi vyake kwa kupokezana huvuka Sahara kwenda Ulaya na kurudi. Oktoba 2013 wachache wa aina hiyo walikutwa ufukweni Guyana ya Ufaransa, Amerika ya Kusini, mabawa yakiwa yamechanika. Wataalamu walipima chavua iliyoganda miilini mwao wakakuta ya mimea ya Afrika Magharibi, mmojawapo ukiwa wa jamii ya mkunazi. Mwaka 2024 wakatangaza kwamba wadudu wale walisukumwa na upepo juu ya bahari kilomita zisizopungua 4,200. Binti mmoja wa Kidato cha Kwanza aliuliza walilala wapi. Darasa lilicheka, mimi sikucheka.

Hadithi niliyoibeba mstarini Jumatatu iliyofuata ni ya Fred Urquhart wa Kanada. Yeye na mkewe Norah walibandika vibandiko vyenye namba kwenye mabawa ya vipepeo wa aina ya monaki, kila mmoja uzito wake kama nusu gramu, wakitaka kujua wanakwenda wapi wakati wa baridi. Mwaka 1952 walianza kuomba wananchi wawasaidie. Januari 1975 wasaidizi wao, Ken Brugger na Catalina Aguado, waliwafikia milimani Meksiko, mamilioni wakiwa wameng'ang'ania miti (wenyeji wa huko walikuwa wakiwafahamu siku zote). Mwaka uliofuata Urquhart mwenyewe alipanda. Tawi likakatika kwa uzito wa vipepeo, na kati ya walioanguka akamkuta mmoja mwenye kibandiko. Kilikuwa kimebandikwa Minnesota, karibu kilomita 3,000 kutoka pale, na wanafunzi wawili wa shule pamoja na mwalimu wao.

Wanafunzi wawili wa shule! Nililirudia hilo mara tatu, na wapo walionisikia na bado wakafanya walichofanya.

Jumanne moja ya mwezi wa nne, vijana watatu wa Kidato cha Pili waliokuwa zamu waliandika: vipepeo 160, wote kuelekea mashariki, jua kali. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri na ukungu ulishuka hadi kwenye bati. Mimi nilikuwa palepale uwanjani na mwavuli, nikizibua mfereji. Kipepeo haruki mpaka mwili wake upate joto. Siku ile hata kunguru hawakuruka. Wale watatu walikuwa kibandani nje ya geti wakila chipsi mayai. Wametolewa kwenye klabu ya vipepeo, wamefyeka nyuma ya maabara, na kurasa zao zimepigwa mstari mwekundu.

Lakini kilichoniuma si watoto. Ni mzazi aliyekuja ofisini akaniambia, bila hata kukaa, "Mwalimu, kwani wadudu wanaingia kwenye mtihani wa taifa?" Hawaingii. Kuandika sifuri pale penye sifuri nako hakuna mtihani wake, na ndiyo maana nimeshikilia adhabu.

Maana uongo huu haukuanzia uwanjani. Mwezi wa tano mzima, wakati wa viazi, simu zilizokuja shuleni ni za wagonjwa watupu. "Anaharisha." "Kichwa kinamsumbua." Mwalimu wa darasa alimkuta mmoja wa hao wagonjwa Uyole, siku ya Alhamisi, amekaa juu ya lumbesa akisubiri Fuso. Nami nimekulia kwenye viazi, Isyonje ndiyo iliyonisomesha. Mzazi akija akasema, "Mwalimu, nahitaji mikono siku mbili," tutazungumza. Akimuua bibi wa mtoto kwa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, hatutazungumza.

Na ada. Kikao cha Januari tulikubaliana awamu mbili, mkanyoosha mikono, mkapiga makofi. Leo namwogopa anayetuletea maharage kuliko mkaguzi. Wapo waliokuja kueleza shida zao na tumewapangia utaratibu, hao nawashukuru. Wapo waliozima simu. Na yupo aliyemletea mhasibu stakabadhi nzuri, ina muhuri na saini, ambayo benki ilipoulizwa haikuitambua. Sitamtaja. Anajifahamu, na nitamsubiri hadi mwisho wa mwezi huu, si zaidi. Asiyekamilisha awamu ya kwanza, mtoto wake asipande gari kuja.

Mengineyo: shule itafunguliwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba, wa bweni wafike kabla ya saa kumi jioni. Kila mmoja aje na jembe lenye mpini, rimu moja, na sweta ya shule, si jaketi.

Wanaklabu wamepewa daftari la likizo. Watakaokwenda Kyela, Chunya au Makete wahesabu hukohuko, robo saa kwa siku. Mzazi asimjazie.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkuu wa Shule